Mtani Hauzi Tairi za Mbele

Mwinyimvua alikwenda Gerezani, kwa wauza tairi, kuuliza swali moja, akarudi na tairi sita. Kununua hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumuuliza Mnyamwezi.

Hili inabidi lieleweke mapema, maana bila hivyo mtu anaweza kuwaona watu hawa wote wendawazimu. Mwinyimvua ni Mzaramo, kwa baba na kwa mama. Ignasi, mwenye duka la tairi, ni Mnyamwezi wa Tabora. Kati ya makabila hayo mawili kuna utani wa tangu enzi za misafara, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukuvua kofia msibani na kukataa kuirudisha mpaka umgomboe kwa chochote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye anayeaibika. Wawili hawa walikutana wakiwa watu wazima, mmoja ana Fuso la mizigo na mwingine ana tairi za kuuza, na tangu siku ya kwanza hawajaambiana neno lililonyooka. Hata bei wanatajiana kwa matusi.

Jumatano hiyo Mwinyimvua aliliegesha Fuso lake mbele ya duka, tairi zote sita zikiwa vipara, akashuka ameshika kiuno.

"Wewe mpagazi!" aliita. "Tua mzigo, una mteja."

"Nani huyo, Mzaramo?" Ignasi alijibu bila kuinuka kwenye benchi. "Leo hakuna ngoma popote mpaka umepata muda wa kufanya kazi?"

"Sikiliza, nina haraka. Bi Azza wa Mtaa wa Narung'ombe amenipa mzigo wa Mbeya, kila wiki, naanza Jumamosi. Kasema akiona kipara kwenye gari kazi anampa mwingine. Sasa niambie, hizi tairi za kubandika zinafaa au hazifai? Niambie kweli."

"Kweli?" Ignasi aliwageukia wafanyakazi wake wawili. "Jamani, Mzaramo anaomba kweli. Leo mvua itanyesha ya mawe."

Tairi za kubandika ni tairi kuukuu zilizokwisha ngozi. Zinapelekwa kiwandani, zinakwanguliwa, zinavishwa ngozi mpya na kupikwa mpaka zishikane. Zikitoka huko zinang'aa kushinda bibi harusi, na bei yake haifiki nusu ya mpya. Ndiyo maana wenye malori wanazipenda, na wake zao wakizisikia wanashika tasbihi.

Ignasi aliinuka. Alizitoa tairi moja moja kwenye rundo, akapitisha kiganja ndani kama mwanamke anayepangusa sufuria, akaminya mbavu zake, akazigonga kwa spana na kutega sikio. Nyingi alizitupa pembeni bila maelezo. Alipomaliza zilibaki nne.

"Hizi nne weka nyuma," alisema. "Mwili wake mzima, ngozi imeshika. Na nyuma zinakaa mbili mbili, moja ikibanduka mwenzake anaibeba, kama wewe mkeo anavyokubeba."

"Na mbele?"

"Mbele sikuuzii. Mbele weka mpya, mzigo wangu unatoka bandarini Jumatatu. Ukiweka hizi mbele, bwana, mimi nitakuwa Magomeni nakula pilau ya msiba wako, na minofu yote yangu. Wenzangu wataramba mifupa."

Mwinyimvua alicheka mpaka akaegemea gari. Pilau ya msiba! Huyu mtu ana kipaji. "Mpya moja bei gani?"

"Laki sita. Wewe kwa kuwa ni mtumwa wangu, laki sita na nusu."

"Aaa, kumbe!" Mwinyimvua alipiga makofi. "Ndiko ulikokuwa unakwenda. Unaniua kwanza, halafu unaniuzia dawa. Lete hizo nne, mwizi wewe."

Ignasi alimwambia tena, "Mbele usiweke," na Mwinyimvua akacheka tena. Alizilipia nne, akavuka barabara mpaka kwenye duka la tatu, kwa kijana mmoja mtanashati asiye mtani wake. Kijana yule alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamletea maji baridi na kumwambia kwa adabu zote kwamba tairi ni tairi, mbele nyuma ni maneno ya watu. Mwinyimvua alifurahi sana. Maneno yaliyonyooka yana raha yake, hasa yanapokuambia ulichotaka kusikia. Alinunua mbili za mbele, zikafungwa palepale.

*

Siti, mkewe, alilizunguka gari mara moja kama anayekagua mbuzi wa Idi. Alikuwa na vidole vyekundu kwa rangi ya barafu. Anauza barafu na sharubati kwa majirani, na friji yake ndogo imechoka kiasi kwamba ikiwaka nyumba nzima inatetemeka. Zamu yake ya upatu ilikuwa inaangukia Jumapili, na fedha hiyo ilikwishapangiwa friza kubwa ya kulaza. Mwinyimvua mwenyewe ndiye aliyeapa, mbele ya binti yao Maimuna kabla hajarudi chuoni Dodoma, kwamba mwaka huu mama anapata friza.

"Zinang'aa," Siti alisema. "Mpya?"

"Kama mpya."

"Nimeuliza mpya?"

"Za kubandika, Mama Maimuna. Usinitolee macho. Hata ndege zinatua na tairi za kubandika, kaulize uwanjani."

"Ndege haiteremki mlima Kitonga na mzigo wa watu mgongoni." Siti aliinama akaigusa tairi ya mbele kwa kidole, akakinusa. "Ignasi alisemaje?"

Hapo Mwinyimvua alichangamka. Alivuta kigoda, akaketi, akamwigiza Ignasi kuanzia mwanzo, sauti nzito ya Kinyamwezi, mkono ukipungia nyama isiyokuwepo. Alipofika kwenye minofu alicheka peke yake mpaka machozi. Alipofuta macho alimkuta mkewe amesimama vilevile.

Siti ni mtu wa Pemba. Wapemba na Wanyamwezi hawana utani wowote. Hajawahi kuvuliwa kofia msibani wala kuitwa mtumwa akacheka. Maneno ya Ignasi yalimfikia yakiwa hayana ngoma wala majivu ya watani msibani, maneno matupu.

"Alisema usiweke mbele," alisema.

"Kwa utani!"

"Alisema au hakusema?"

"Alisema, lakini huyo mtu, Mama Maimuna, mwaka jana aliniambia Serikali imepitisha ushuru wa Wazaramo wanaolala mchana. Utamwamini?"

"Aliuza nne akakataa kuuza mbili. Nani mfanyabiashara wa Gerezani anayekataa hela kwa mchezo?"

Swali hilo lilikuwa zuri, na Mwinyimvua alilijua kuwa zuri, ndiyo maana alikasirika. "Hela ya mpya sina. Na Jumatatu hiyo ya bandarini siwezi kuisubiri, Bi Azza anapakia Jumamosi. Nikikosa mara moja nimekosa moja kwa moja."

"Upatu si Jumapili? Mwambie akusogezee siku mbili."

"Hela ya friza siigusi."

"Nakupa mwenyewe."

"Siigusi nimesema! Mwanamume gani anayeapa mbele ya mtoto halafu anaendesha friza ya mkewe barabarani?"

"Mwanamume aliye hai," Siti alisema. "Mimi friza ya kuniburudisha nikiwa eda siitaki."

Mwinyimvua alimwambia ajali haina kinga. Siti alimjibu kwamba kinga haina lakini sababu inazo. Mwinyimvua alikuwa ameumia. Alizinunua tairi hizo kwa ajili yake, ili friza ipatikane, na sasa anaonekana mtu anayekimbilia kufa. Siti naye alijua hivyo, na hilo ndilo lililomzidishia hasira. Mtu akikuponza kwa uchoyo unaweza kumsema. Huyu anakuponza kwa mapenzi, utaanzia wapi?

*

Kesho yake, Alhamisi, Siti alijifunga mtandio akaenda Gerezani. Kijana mtanashati wa duka la tatu alimuona mapema. "Karibu mama, kiti hiki mama," na Siti akapita kama hasikii. Wanaume waliokuwa wakibishana mpira juu ya rimu walinyamaza, wakamtazama mwanamke anayetafuta nini kwenye tairi, mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika kama siku hizi vyungu vinapikiwa juu ya mpira. Siti alivumilia.

Ignasi alipomtambua aliruka kwenye benchi, akafuta kiti kwa shati lake mwenyewe.

"Shemeji! Karibu, shemeji. Habari za nyumbani?"

"Njema, shemeji. Nimekuja kuuliza, na nakuomba unijibu kama unavyomjibu mtu mwingine yeyote. Amefunga za kubandika mbele."

Uso wa Ignasi ulibadilika. Aliketi juu ya tairi, mikono katikati ya magoti.

"Kazipata wapi? Mimi nilimnyima."

"Kavuka barabara."

Basi akamweleza, polepole, kama mtu wa kawaida. Kwamba tairi za kubandika si balaa, yeye anaziuza kila siku na hakeshi usiku akijuta. Kwamba yote yanategemea mwili wa tairi ulivyo ndani na aliyebandika alivyobandika. Nyuma, moja ikifumuka, dereva anasikia kishindo, anaegesha, anabadilisha, anatukana muuzaji, anaendelea. Mbele ni habari nyingine. Mbele ndiko kuna usukani. Ngozi ikibanduka kwenye mteremko, usukani unamvuta mtu unakotaka wenyewe.

"Inaweza kumfikisha Mbeya na kumrudisha," alisema. "Inaweza hata mara kumi. Sikudanganyi. Lakini mimi ya mbele simuuzii hata adui yangu, sembuse Mzaramo wangu."

"Sasa kwa nini hukumwambia hivi?" Siti alisikia sauti yake ikipanda. "Maneno haya haya, kwa nini hukumwambia Jumatano?"

"Nilimwambia, shemeji."

"Ulimwambia habari za minofu!"

Ignasi alijikuna shingo. Kwa mara ya kwanza Siti aliona kwamba mtu huyu mwenye mdomo mkubwa kuliko soko alikuwa anaona haya. "Mimi na yule hatuna kauli nyingine," alisema. "Nikimfuata kwa upole, Mwinyimvua ndugu yangu nina neno na wewe, atadhani nimefiwa. Au nataka kumkopa. Hatanisikia kabisa, atabaki kunitazama tu."

Siti alitafakari. Nje, mchukuzi alikuwa akipiga mbinja kuomba njia.

"Basi mwambie kwa kauli mliyo nayo," alisema. "Lakini iseme mpaka mwisho. Jumatano uliishia njiani."

*

Ijumaa baada ya sala Mwinyimvua alikuwa uani, kanzu imepandishwa magotini, anakula wali kwa samaki wa kukaanga, aliposikia kilio kinakuja barabarani. Kilikuwa kilio cha mwanamume, kirefu, chenye mapambo.

"Uuuwi! Mwinyimvua wetuuu! Nani atakula pweza wa Magomeni sasaaa!"

Mlangoni alisimama Ignasi. Amejifunga kanga kiunoni, uso wote majivu, kichwani amebeba ungo. Nyuma yake walikuwa wafanyakazi wake wawili na mkokoteni. Alijitupa barazani akagaragara.

Majirani walitoka mbio. Rachel wa nyumba ya tatu, mtu wa Mbeya, mwepesi wa huruma, alikuja na kilo mbili za sukari zikiwa bado kwenye mfuko wa duka, akamkumbatia Siti na kumwambia "pole mama, kazi ya Mungu," na ndipo alipomuona marehemu akitokea uani na mwiba wa samaki mdomoni. Alitoa ukelele mmoja tu.

"Jamani! Mtu mzima analiliwa hai, si uchuro huu?"

"Mtani wake huyo," alimwambia mzee mmoja. "Mnyamwezi. Muache afanye kazi yake."

Basi Rachel akabaki na sukari yake, hajui aiache au arudi nayo.

Mwinyimvua alifurahi kupita kiasi. Tangu juzi nyumba ilikuwa imenuna, na sasa imeletewa sherehe bure. Aliukunjua mkeka, akalala chali, akafumba macho. "Haya, mpagazi, lia vizuri. Na mimi kwenye pilau yangu msinisahau."

"Maiti anaongea!" Ignasi alipaza sauti. "Hata kufa Mzaramo hakuwezi! Mtazameni, ndugu zangu. Alikuwa mtu mzuri. Mchoyo, lakini mzuri. Mvivu, lakini akisikia ngoma ya mdundiko inapita alikuwa wa kwanza. Alipewa tairi nne akataka sita, kushiba hajui! Kafa kwa gundi, jamani! Wenzake wanakufa kwa shinikizo la damu, yeye kafa kwa gundi!"

Watu walivunjika mbavu. Hata Rachel alicheka, akaificha sukari nyuma kama mtu aliyeiiba. Wakati wote huo wale wafanyakazi wawili walikuwa wamekwisha kuweka jeki chini ya Fuso, na Mwinyimvua aliyekuwa akitikisika kwa kicheko juu ya mkeka alisikia nati ikilia. Alifumbua jicho moja. Tairi ya kulia ya mbele ilikuwa inabingirishwa kwenda mkokotenini.

"Nyie, nyie! Mnafanya nini?"

"Ujira wetu wa kuchimba kaburi," Ignasi alisema. "Watani hawachimbi bure."

"Sawa, mmechekesha. Irudisheni."

Ilifuata ya kushoto. Fuso likabaki limepiga magoti juu ya magogo, kama ng'ombe anayetaka kulala. Mwinyimvua alisimama, kicheko kimemkauka. "Wewe, kesho asubuhi napakia kwa Bi Azza! Basi sasa! Utani una mwisho."

"Utani hauna mwisho. Tairi ndiyo yenye mwisho."

"Nitaita polisi!"

Watu waliguna. Mzee yule alitikisa kichwa. "Polisi kwa mtani? Mwinyimvua, usituaibishe. Mgomboe tu." Mwinyimvua alitazama nyuso za majirani na kuona kwamba hakuna hata mmoja upande wake. Ingekuwa wizi, wangemsaidia. Ingekuwa ugomvi, wangeamua. Hili lilikuwa haki ya mtu, na yeye, mwenye gari na mwenye nyumba, alisimama hapo na kanzu yenye mchuzi hana hata ruhusa ya kukunja uso. Alimtafuta mkewe kwa macho. Siti alikuwa mlangoni, ametulia mno, na hapo akajua.

"Ni wewe," alisema.

"Muache amalize," Siti alijibu.

Ignasi alivuta kreti ya soda, akaikalia, akakamata usukani wa hewani. "Sasa niwaonyeshe alivyokufa, maana mmelia bila kujua. Huyu hapa. Anaondoka Kariakoo, mikogo tele. Chalinze, anasimama kula mishikaki. Morogoro, anasimama kula. Mikumi, tembo wanamtazama wanasema, ah, Mzaramo huyo, kakosea njia ya ngomani." Watu wakacheka. "Anafika Mbeya! Salama kabisa! Anashusha mzigo, anasema, mnaona? Mnyamwezi mwongo. Na anamkumbuka mkewe, anamnunulia mchele wa Kyela, gunia zima, anaweka kibandani pembeni yake. Anarudi."

Aliinama mbele kidogo, mikono imekaza. "Sasa anateremka Kitonga. Anaimba. Upande huu ukuta, upande huu korongo. Ngozi ya kulia inaanza kuachia, pa, pa, pa. Haisikii, si anaimba? Pa, pa, pa. Inabanduka. Usukani unamvuta, anauvuta, unamvuta..."

Mikono yake ilikwenda kulia, pole pole, ikasimama.

Watoto walingoja kilichobaki. Ignasi aliendelea kukaa juu ya kreti, mikono hewani, akitazama mbele yake, na kwenye majivu ya mashavu ikachorwa mistari miwili. Alikuja kuchekesha. Hayo ndiyo aliyoyapanga tangu jana, kulia kwa uongo mpaka mtu mmoja asikie ukweli. Hakuwaza kwamba ukiigiza kifo cha mtu unayempenda inabidi kwanza umuone akifa, na sasa alikuwa amemuona, na gunia la mchele la mkewe pembeni.

Mtani halii. Kazi yake msibani ni kuwachekesha wanaolia. Watu walitazamana, mmoja mmoja wakaacha kucheka.

Mwinyimvua alisogea karibu. "Unalia kweli?"

"Majivu," Ignasi alisema. "Yameniingia machoni."

"Ignasi."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake, hata siku moja. Jina lilisikika kama la mtu mgeni.

"Usiende nazo mbele, Mwinyimvua," Ignasi alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

"Ungeniambia hivyo Jumatano."

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa matusi."

"Ndiyo niliyo nayo ya kukuambia."

Mwinyimvua alibaki anaitazama kanga iliyofungwa kiunoni mwa mwenzake. Aliona haya, na chini ya haya alihisi kitu kama furaha, ambacho hakukijua afanye nacho nini mbele za watu. Alitoa simu mfukoni, akampigia Bi Azza, na kwa kuwa majirani wote walinyamaza kusikiliza, kila neno la Narung'ombe lilisikika barazani.

"Mwinyimvua, usiniambie gari bovu."

"Gari zima, Bi Azza. Ila kesho sitaweza. Tairi za mbele zimechukuliwa."

"Umeibiwa?"

"Zimechukuliwa na mtani."

"Mtani wa kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Bi Azza amezaliwa Kariakoo, na baba yake amezaliwa Kariakoo, na ingawa babu yao alitoka Uarabuni mambo haya wanayajua kama wanavyojua bei ya kitenge. Alicheka kicheko kirefu cha kuchosha, Mwinyimvua akasubiri amalize, mchuzi unakauka kwenye kanzu.

"Ungesema injini ningekwambia mwongo," alisema hatimaye. "Mzigo wangu wa kesho lakini haungoji, nampa mwenye gari mwingine. Njoo Jumanne, kuna vitenge. Ni nusu ya mzigo, na nauli ni nusu, usije ukanililia hapa. Na nikiona tairi za mbele ni za ubabaishaji, hata huyo mtani hatakusaidia."

Nusu ya nauli. Mwinyimvua alirudisha simu mfukoni.

"Upatu nachukua Jumapili," Siti alisema kutoka mlangoni. "Mzigo wa Ignasi unatoka bandarini Jumatatu. Mbili mpya."

"Na friza?"

"Nimeishi bila friza tangu kuzaliwa, sijafa."

Safari hii hakubisha. Aliitikia kwa kichwa tu, na Siti, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mabishano mengine marefu, alijikuta hana pa kuyapeleka, akaenda kumpokea Rachel ile sukari ili wapate kuwapikia watu chai.

Chai ilinyweka, majirani walitawanyika. Ignasi alinawa majivu bombani. Alisema hizo mbili za duka la tatu atazikagua, zikiwa nzima zitakwenda nyuma ya tela la mtu, zikiwa mbovu atazipandia mchicha, na kwa vyovyote atampunguzia kwenye mpya. Alisema yote hayo bila tusi hata moja, na kila alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu aliyevaa nguo za mwenziwe. Wafanyakazi wake walishika mkokoteni. Yeye hakuondoka.

"Nitukane basi," alisema.

Mwinyimvua alifungua kinywa. Alitafuta mpagazi, alitafuta mwizi, alitafuta habari za babu yake aliyebeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo akasahau njia ya kurudi. Vyote vilikuwepo, lakini hakuna kilichokubali kutoka.

"Leo sina," alisema.

"Hata kadogo?"

"Sina, Ignasi."

Ignasi aligeuza uso kulitazama Fuso lililopiga magoti. "Tusi utakuwa nalo lini?"

"Nikirudi kutoka Mbeya. Nikirudi nitakutukana mpaka uhame Gerezani."

"Basi rudi," Ignasi alisema, akaenda kusukuma mkokoteni pamoja na wenzake.